Kompyuta na Majina ya Kubandikwa

Hakuna chombo kilichoingia katika maisha ya watu wa mwambao na visiwa vyake kwa kasi ya kompyuta, na hakuna chombo kilichopokewa kwa utovu wa adabu kama huo. Utovu huo haumo katika matumizi yake. Umo katika jina. Jahazi haliteremshwi majini bila ya jina. Mashua ya kuvulia dagaa ina jina lililoandikwa kwa rangi ubavuni, na mara nyingi jina hilo lina kisa ambacho kijiji kizima kinakijua. Kanga haiendi sokoni bila ya jina: maneno yale yaliyopangwa ndani ya pindo, chini ya mji wake, ndiyo yanayoitwa jina, na mnunuzi huyasoma kabla ya kuuliza bei. Lakini kompyuta inayotunza mishahara ya walimu, orodha ya wagonjwa, mswada wa kamusi au diwani iliyotungwa kwa miaka ishirini, hiyo huitwa DESKTOP-7K3QF2M, na mwenye nayo hajui hata kwamba inaitwa hivyo.

Kwanza ufafanuzi, kwa kuwa wengi hawajapata kukutana na jambo lenyewe. Kompyuta yoyote inayoungwa na nyingine katika mtandao sharti iwe na jina la kujitambulishia. Jina hilo si la mtumiaji wala si neno la siri. Ni la chombo chenyewe, na ndilo linaloonekana kwa printa, kwa ruta, kwa seva na kwa kompyuta jirani. Mfumo endeshi unapowekwa, ikiwa hakuna aliyetoa jina, mfumo hujitungia. Kila ukoo wa mifumo una mila yake ya kubandika. Kompyuta nyingi zilizouzwa na Windows XP ndani yake zilitoka dukani zikiitwa YOUR na kistari, kisha alama kumi za ovyo. Yaani chombo kinatangaza kuwa ni “cha kwako” kwa jina ambalo mwenyewe hawezi kulitamka. Windows 10 ilileta DESKTOP na LAPTOP. Red Hat kwa miaka mingi ilitoa localhost.localdomain, na hilo ni sawa na kumwita mtu Papahapa bin Papahapa. Debian hupendekeza debian. Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyoanza kuuzwa 2012 na kupendwa na walimu wa sayansi, huitwa raspberrypi isipobadilishwa; darasa lenye ishirini lina watoto ishirini wa jina moja, na mwalimu akiita, wanaitikia wote au haitikii hata mmoja. Mac nayo hulichukua jina la mtu na kulitia katika umilikishi wa Kiingereza: Fatma’s MacBook Pro.

Majina ya Windows yana hesabu yake, na hesabu hiyo inastahili kutazamwa. DESKTOP na kistari chake ni nafasi 8, zikifuatwa na alama 7: jumla 15. LAPTOP na kistari chake ni 7, zikifuatwa na 8: jumla 15. WIN ya seva ni 4 pamoja na kistari, kisha alama 11: jumla 15. YOUR ni 5 na 10: jumla 15. Kipimo hicho kimetoka katika NetBIOS, utaratibu wa mawasiliano uliotungwa na kampuni ya Sytek 1983 kwa ajili ya mtandao wa kompyuta za IBM. Humo kila jina lilipewa nafasi 16. Microsoft ikaitwaa nafasi ya mwisho kwa alama ya kuonyesha aina ya huduma, zikabaki 15. Mtu aliyezoea kuhesabu mizani hawezi kulipita jambo hili bila ya kusimama. Mshororo wa shairi la Kiswahili una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. DESKTOP-7K3QF2M ina nane na saba. Ni kweli kwamba NetBIOS huhesabu herufi na shairi huhesabu silabi, lakini mtunzi yeyote mwenye sikio angeliita guni na kulirudisha kwa mwenyewe.

Tena ni guni lenye uongo ndani yake. DESKTOP kwa Kiingereza ni kompyuta ya kukaa juu ya meza. Windows 10 ikiwekwa upya kwenye kompyuta ya kupakata, nayo pia mara nyingi hubandikwa DESKTOP, kwa kuwa mfumo haukujali kutazama unaandika juu ya nini. Jina halimtaji mwenyewe, halitaji mahali, halitaji kazi, na neno moja la maana lililomo ndani yake mara nyingi si kweli.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Katika miaka ya 1970, majina ya kompyuta zote za mtandao wa ARPANET yaliandikwa katika faili moja, HOSTS.TXT, iliyotunzwa katika taasisi ya utafiti ya SRI huko Menlo Park, California, na ofisi iliyoongozwa na Elizabeth Feinler. Aliyetaka kuunga kompyuta mpya aliliwasilisha jina lake kwa ofisi hiyo, nalo likaingizwa kwa mkono, kama anavyoandikishwa mtoto kwa msajili. Orodha ilipokuwa kubwa mno, Paul Mockapetris alibuni 1983 utaratibu wa majina wenye ngazi, ambao ndio unaoiendesha intaneti hadi leo. Wahandisi wa wakati ule waliziita kompyuta zao kwa majina ya sayari, ya miungu ya Kiyunani, ya vibeti wa hadithini. Ulikuwa mchezo, lakini mchezo wa watu waliojua kwamba kitu kinachoitwa hukumbukwa.

Mwaka 1990 Don Libes alitoa waraka wa 1178 katika mfululizo wa nyaraka za wahandisi wa intaneti, nao wote unahusu namna ya kuichagulia kompyuta jina. Ni waraka wa kurasa chache, wenye ucheshi, na mwenye kuusoma leo ataona jinsi ulivyokuwa na busara. Mtu asiipe kompyuta jina lake mwenyewe. Asiipe jina la mradi, kwa sababu miradi huisha na mashine hubaki. Achague majina ya ukoo mmoja, ili yakumbukane. Atumie maneno ya kweli, kwa kuwa mfuatano wa herufi za kubahatisha haufai kuwa jina kwa sababu ile ile inayoufanya ufae kuwa neno la siri: haushikiki kichwani. Miaka saba baadaye, siku ya wajinga ya 1997, ukatolewa waraka wa 2100 juu ya mada hiyo hiyo, na huo ulikuwa shairi tangu mwanzo hadi mwisho, likiigiza shairi la T. S. Eliot kuhusu majina ya paka. Hapo zamani, basi, hata wahandisi walilijadili suala hili kwa ushairi.

Windows XP ya 2001 ilimuuliza anayeiweka: kompyuta hii iitwe nani? Vista na Windows 7 ziliuliza, zikipendekeza jina la mtumiaji likifuatwa na PC. Windows 8 ya 2012 iliuliza pamoja na rangi anayoitaka mtu. Windows 10, iliyotoka Julai 2015, ilinyamaza. Miaka 25 baada ya waraka wa Libes, kampuni iliyotawala meza za dunia iliamua kwamba swali lenyewe ni usumbufu, na jibu lake likawa herufi za kubahatisha. Windows 11 ya Oktoba 2021 imelirudisha swali, lakini kando yake imeweka kitufe cha kuruka. Kizazi kilicholelewa kuruka kinaruka.

Kuna wanaotetea hali hii, na hoja zao si za kupuuzwa. Ya kwanza ni ya wingi: zikitengenezwa kompyuta kwa mamilioni, majina ya kubahatisha huzuia kugongana, kwani mbili zenye jina moja katika mtandao mmoja hukorofishana. Hoja hii ina ukweli, lakini ukweli wake ni wa kiwandani na kwenye maghala. Mtandao wa skuli moja una kompyuta thelathini. Thelathini zikiitwa kwa majina thelathini ya samaki, hakuna zitakazogongana, na bado watabaki samaki wa kutosha baharini.

Hoja ya pili ndiyo maarufu zaidi siku hizi, na imekuwa kama itikadi. Kuanzia takriban 2012 ulienea miongoni mwa mafundi wa seva msemo unaonasibishwa na Bill Baker wa Microsoft na kuenezwa na Randy Bias: kwamba zamani seva zilitunzwa kama paka na mbwa wa nyumbani, zikapewa majina na kuuguzwa zilipougua, sasa zitunzwe kama ng’ombe, zipewe namba, na ikiugua moja, ipigwe risasi, iletwe nyingine. Msemo huu umefundishwa katika kozi, umechapwa katika vitabu, na umefika hata Afrika Mashariki, ambako hurudiwa na vijana waliosoma vizuri bila ya hata mmoja kucheka.

Na hapa pana la kuchekesha na la kuhuzunisha kwa pamoja. Mtu anayesema kwamba ng’ombe ni kitu cha namba hajapata kukaa na mfugaji. Wamaasai humjua kila ng’ombe wao kwa rangi, kwa pembe na kwa uzao wake. Wanuer na Wadinka wa Sudan Kusini wana msamiati wa rangi na mabaka ya ng’ombe ambao E. E. Evans-Pritchard aliupa nafasi kubwa katika kitabu chake cha 1940, na kwao si ng’ombe tu anayepewa jina: kijana mwenyewe huchukua jina kutokana na dume lake, akaitwa kwalo na kuimba kwalo. Mfugaji haandiki orodha. Jioni akisimama mlangoni mwa zizi hujua nani hajarudi. Ng’ombe wa msemo wa mafundi ni wa mashamba makubwa ya Marekani, aliyetobolewa sikio na kutiwa kibandiko, anayesubiri lori la machinjioni. Kumchukua ng’ombe huyo na kumfanya kielelezo cha busara kwa watu ambao jirani zao ni wafugaji, huko ni kukopa ujinga mahali ambapo elimu ipo bure.

Msemo huo, kwa haki yake, ulitungwa kwa ajili ya majumba yenye seva maelfu, ambamo moja huzaliwa asubuhi na kufutwa jioni. Huko namba zinafaa. Kosa ni kuubeba hadi kwenye chumba cha kompyuta kumi na mbili zitakazoishi miaka kumi, tena za mitumba, zilizokwisha kuishi miaka mitano Ulaya kabla ya kupanda meli. Kompyuta hizo zinafanana zaidi na punda wa nyumbani kuliko na ng’ombe wa lori, na hakuna nyumba iliyokuwa na punda ambaye hakuitwa.

Tena, ng’ombe mwenyewe hawezi kuwa jina la kompyuta. Waraka wa 952 wa Oktoba 1985, ulioandikwa na Harrenstien, Stahl na huyo huyo Feinler, uliweka sheria: jina la kompyuta katika mtandao liwe la herufi A hadi Z, tarakimu na kistari, na nukta ya kutenganisha sehemu. Waraka wa 1123 wa 1989 uliruhusu jina lianze kwa tarakimu. Kibainishi hakikuruhusiwa. Kiingereza hakikupoteza kitu: Fatma’s MacBook Pro ikiingia mtandaoni hugeuzwa Fatmas-MacBook-Pro, na Mwingereza anaisoma vilevile. Kiswahili kilipoteza konsonanti nzima. Bila ya kibainishi, ng’oa ya kung’oa kisiki inakuwa ngoa ya wivu na matamanio, neno ambalo watunzi wa zamani walilijua vyema. Mtaa wa Ng’ambo, ulio upande wa pili wa Mji Mkongwe na uliobeba nusu ya historia ya mji wa Zanzibar, ukitaka kuipa kompyuta ya skuli yake jina lake, itabidi uandikwe Ngambo, neno lisilokuwapo. Na huku ni kusema juu ya herufi za Kilatini tu. Kiswahili kilichoandikwa kwa karne kadhaa kwa hati za Kiarabu hakikufikiriwa kabisa 1985. Ilipofika 2003 ndipo wahandisi walipokubaliana juu ya njia ya kuziingiza hati nyingine katika majina ya tovuti, na hata njia hiyo huyageuza majina kwa siri kuwa herufi za A hadi Z zinazotanguliwa na xn na vistari viwili.

Mtu atauliza: kwani nani aliyelalamika? Hakuna, na lawama hii si ya Marekani peke yake. Wanazuoni wa Kiswahili walishindana kwa miaka juu ya jina la jinsi ya chombo hiki. Wengine walitaka ngamizi, wengine tarakilishi, na umma ukaendelea kusema kompyuta. Makala ziliandikwa, semina zikafanyika. Kisha ikaja kazi ya tafsiri: Jambo OpenOffice ya 2004, iliyofanyiwa kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye vifurushi vya Kiswahili vya Microsoft. Zilikuwa juhudi za kuheshimiwa. Menyu zikasema kwa Kiswahili, ujumbe wa makosa ukasema kwa Kiswahili. Lakini mjadala wote ulikuwa juu ya namna ya kuviita vyombo hivi kwa ujumla, na hakuna aliyeketi mbele ya kimoja na kukiita. Ni kama baraza la wazee lililobishana usiku kucha kama kile kilicho ufukweni ni chombo, jahazi au merikebu, na asubuhi kikatweka tanga bila ya jina.

Kilicho hatarini si fahari tu. Mtandao wa ofisi unapoingiliwa na virusi, taarifa ya kwanza kumfikia fundi huwa na jina la kompyuta inayosambaza. Mei 2017, programu ya WannaCry ilipoyafunga mafaili ya kompyuta katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia, ikizivuruga hospitali za Uingereza kwa siku kadhaa, ilikuwa ikiruka kutoka mashine hadi mashine bila ya mtu kubonyeza chochote. Saa kama hiyo fundi anahitaji mlango. Akisoma kwamba kompyuta iliyoambukizwa ni Kolekole, na kila karani anajua Kolekole ipo chumba cha uhasibu karibu na dirisha, huchomoa waya kwa hatua ishirini. Akisoma DESKTOP-7K3QF2M kati ya DESKTOP nyingine ishirini na tisa, huanza kuzunguka chumba hadi chumba, akiinama kwenye kila skrini, huku ugonjwa ukitangulia mbele yake. Hesabu ya hasara ya jina la kubandikwa haijulikani hadi siku hiyo.

Ipo hoja ya tatu ya watetezi, na hii ndiyo nzito. Wanasema herufi za kubahatisha zinamlinda mtu, kwa sababu hazimtaji. Hapa wanasimama juu ya jambo la kweli. Katika mwambao jina la mwanamke halitupwi barazani. Huitwa Mama Fulani, na wageni hawana haki ya zaidi ya hapo. Kisha mwanamke huyo huyo anapanda boti ya kwenda Dar es Salaam, anafungua kompyuta yake, nayo inamtangaza kwa jina kwa kila kifaa kilichoungwa na Wi-Fi ile, bila ya kumuuliza. Apple ilifanya hivyo kwa miaka mingi kama jambo la kawaida. Huduma yake ya AirDrop ikawa njia ya wanaume wasio na haya kuwarushia wanawake picha chafu katika treni na ndege, wakiwachagua kwa majina yanayoonekana kwenye orodha. Ni 2022 tu ndipo kampuni hiyo ilipozuia programu za simu kulisoma jina la kifaa pasipo kibali, na Desemba ya mwaka huo ikafupisha muda wa kupokea kutoka kwa kila mtu kuwa dakika 10.

Lakini je, DESKTOP-7K3QF2M inamlinda? Waraka wa 8117 wa Machi 2017, ulioandikwa na Huitema, Thaler na Winter, umelichambua jambo hili, na uchambuzi wao hauwasaidii watetezi. Wahandisi waliwahi kuona kwamba simu na kompyuta hufuatiliwa kwa namba ya kudumu iliyomo katika kadi ya mtandao, wakabuni njia ya kuibadilisha namba hiyo kila mara. Kumbe kompyuta ile ile, ikiisha kubadilisha namba yake, hulitaja jina lake ilipoingia mtandaoni, na jina halibadiliki. Mwenye kufuatilia hahitaji kujua DESKTOP-7K3QF2M ni nani. Anahitaji kujua tu kwamba aliyekuwa mkahawani Jumatatu ndiye aliye hotelini Alhamisi, na jina la alama saba za kubahatisha, ambalo kwa kawaida halina wa kufanana naye, linamwambia hivyo kwa uhakika kuliko jina Fatma, ambao wapo maelfu. Kwa mwenye nyumba halikumbukiki. Kwa mpelelezi halisahauliki. Mtu akitafuta jina lenye kasoro za pande zote mbili hatatunga lililo kamili kuliko hilo.

Neno la kawaida, ambalo si la mtu, linafanya kazi zote mbili. Kompyuta inayoitwa Kaskazi haimtaji mwenyewe kwa mgeni, na mwenyewe anaijua. Zikiwapo Kaskazi mia katika mji, ni bora zaidi, mfuatiliaji atazichanganya.

Majina ya Wi-Fi za majumbani yana msiba wa namna hiyo, na kwa kuwa ni jirani wa mada, yatajwe kwa ufupi. Ruta hutoka kiwandani na jina la mtengenezaji, likimtangazia mpita njia ni aina gani na pengine udhaifu wake ni upi. Zaidi ya hapo, katika ulinzi wa WPA2 unaotumia neno la siri moja kwa nyumba nzima, jina la mtandao huchanganywa na neno hilo kabla ya kupatikana ufunguo. Wataalamu wenyewe huliita jina hilo chumvi. Wavunjaji walikwisha kuandaa majedwali ya funguo kwa majina yaliyo maarufu kuliko yote, na ruta inayoitwa linksys kama zilivyoitwa maelfu ya wenzake imepikwa kwa chumvi ambayo mwizi anayo mfukoni.

Basi lawama iende kwa nani? Kampuni zimeshatajwa, nazo hazisomi majarida ya visiwani. Wapo wa karibu zaidi. Wapo wauzaji wa kompyuta za mitumba wanaomkabidhi mteja chombo ambacho bado kinaitwa kwa jina la ofisi ya Ulaya iliyokitupa, ili siku moja karani wa kisiwani aone kwenye printa yake kwamba anafanyia kazi idara asiyoijua ya mji asioujua. Wapo wakufunzi wa kozi za kompyuta wanaotumia wiki nzima kufundisha namna ya kupaka maneno rangi, na hawatumii dakika mbili kumwonyesha mwanafunzi mahali jina lilipo katika mipangilio na namna ya kulibadilisha. Kazi ambayo katika Windows 10 na 11 haitaki zaidi ya kuandika neno na kuiwasha upya mashine. Wapo wanaoandika zabuni za kununulia skuli kompyuta, ambao hutaja ukubwa wa kumbukumbu, upana wa skrini na urefu wa waya, na hawaongezi mstari mmoja kwamba kila kompyuta ifike ikiwa na jina lililoandikwa ndani ya mfumo na juu ya kasha. Na wapo watu wa lugha, wenye hazina ya majina isiyo na kifani katika mwambao mzima, ambao wamewaachia mafundi kazi iliyokuwa yao.

Hazina hiyo haihitaji kamati. Pepo zina majina: Kaskazi, Kusi, Matlai, Umande. Samaki wanayo: Changu, Tasi, Nguru, Kolekole, Chewa. Maua ya ndani ya majumba yanayo: Asumini, Kilua, Mkadi, Mlangilangi. Sehemu za jahazi zinayo: Foromali, Demani, Tanga, Usukani, na fundi seremala yeyote wa pwani ataongeza ishirini nyingine kabla hajamaliza kahawa yake. Chumba kimoja kipewe pepo, cha pili samaki, cha tatu visiwa, kama alivyoshauri Libes 1990, na mgeni atakayeambiwa printa imeungwa na Nguru atajua mara moja aelekee chumba gani. Hakuna kati ya majina haya lenye kibainishi, na hakuna linalozidi nafasi 15. Mlangilangi lina herufi 11. Tumbatu lina 7, Kojani 6, Misali 6, Chumbe 6.